Sahihi 53

Barua ilifika ikiwa ndani ya daftari la Hisabati, imekunjwa mara nne. Kiranja wa Gredi ya 8 aliiacha mezani kwa naibu wa mwalimu mkuu saa moja na nusu asubuhi, kabla ya gwaride, akatoka mbio. Naibu alidhani ni mzazi anaomba ruhusa ya mgonjwa. Kufikia chai ya saa nne, kila mwalimu alikuwa ameisoma.

Ilikuwa barua rasmi kweli kweli. Anwani mbili, tarehe, "Kwa Mwalimu Mkuu", kisha mstari uliopigwa kwa rula chini ya herufi kubwa: MINT: KUSOMWA KWA MAJINA KWENYE GWARIDE. MINT ni mintarafu, yaani kuhusu. Aya tatu. Ombi moja. Majina ya wanafunzi ambao wazazi wao hawajalipa pesa za mtihani yasisomwe tena mbele ya shule nzima kila Jumatatu.

Hawakuomba pesa zifutwe. Hawakuomba hata waongezewe wiki moja. Walitaka tu majina yasisomwe. Walitaja Kifungu cha 28 cha Katiba ya Kenya, kile cha heshima ya binadamu, wakataja na kifungu cha kwanza cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, kisha wakaandika sentensi ambayo hawakuitoa kitabuni: "Deni ni la mzazi lakini aibu tunapewa sisi."

Nyuma ya karatasi, sahihi 53.

Mwalimu Mkuu aliingia ofisi ya walimu ameishika kwa vidole viwili, kama panya aliyeshikwa mkia.

"Nani amewafundisha hawa watoto vitu kama hivi?"

Nilitazama kikombe changu. Chai ilikuwa imeshika utando wa maziwa. Nikaanza kuusukuma pembeni kwa kijiko, taratibu, utadhani ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya.

"Mimi, Mwalimu." Sauti ilitoka kwenye kiti cha dirishani. Ni mwalimu wetu wa Kiswahili, mama wa miaka 58, bado miwili astaafu. "Barua rasmi ilikuwa kwenye azimio langu la kazi, wiki ya tano. Na hiyo MINT wameiweka pahali pake, au vipi?"

Watu wawili watatu wakacheka. Mambo yakatulia.

Lakini Kifungu cha 28 hakikuwa kwenye azimio lake la kazi. Kilikuwa kwenye langu.

## Batu bote

Wiki mbili kabla ya barua hiyo nilikuwa nimeingia darasani na nakala 20 za Azimio la Haki za Binadamu, wanafunzi 54, kwa hivyo watatu watatu kwa karatasi moja, na wengine wakichungulia juu ya mabega. Somo la Jamii, au sosho kama wanavyoliita wao. Mada ilikuwa haki za binadamu, na baada yake uraia wa ulimwengu. Nilikuwa nimeamua tusome kwa Kiswahili, maana lugha ya kitabu cha kozi ina namna ya kuwafanya watoto waone haki kama kitu cha kukariri.

Nilimwomba msichana mmoja asome kifungu cha kwanza. Nitamwita Furaha. Familia yake ilitoka Kivu, mashariki mwa Kongo, na wameishi Kayole, hapa Nairobi, miaka miwili. Kiswahili chake kimeshaanza kufanana na cha wenzake, isipokuwa akiwa na wasiwasi.

Kwenye karatasi imeandikwa: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu."

Furaha alisimama, akameza mate, akasema, "Batu bote..."

Darasa likalipuka.

Kile kicheko mnakijua. Hakikuwa cha chuki, kilikuwa cha watoto wa Gredi ya 8 waliotoka kula githeri na wanatafuta sababu yoyote. Furaha akasoma mpaka mwisho bila kosa hata moja, akakaa.

Na mimi, kuokoa kipindi, nikaingilia kwa maarifa yangu. Nikawaambia kwamba walipokuwa wakiandika Azimio hili kwa Kiingereza, rasimu ilisema wanaume wote wamezaliwa huru, na kwamba mwanamke mmoja kutoka India, Hansa Mehta, alisisitiza neno hilo libadilishwe liwe binadamu wote, kwa sababu kuna serikali ambazo zingelisoma vile vile lilivyoandikwa. Nikawaambia sisi ugomvi huo usingetupata, maana Kiswahili hakiulizi mtu ni mume au mke. Mtu ni mtu. Walipenda sana hiyo. Mvulana wa nyuma akasema, "Aki Mwalimu, Kiswahili kiko mbele!" Na hapo nikapata nafasi ya kuwaonyesha kwamba hilo "aki" lao, wanalolitamka mara ishirini kwa siku, ni "haki ya Mungu" iliyokatwa kichwa na mkia. Wanaapa kwa haki tangu chekechea na hawajui.

Nikajiona mwalimu hodari.

Tulizungumza kuhusu "watu wote" dakika kumi nzima, na hakuna aliyemrudia mtu mmoja tuliyekuwa tumetoka kumcheka. Wala mimi.

Mwisho wa kipindi nikawapa kazi ya nyumbani: tafuteni haki moja inayovunjwa mahali mnapoishi, mwandike mngependa nini kifanyike na mngemwambia nani. Nilitarajia jaa la Dandora. Nilitarajia maji ya mtungi, mabomba yaliyokauka, labda kanjo, askari wa jiji, kuwafukuza mama mboga. Nilikuwa hata nimeshatayarisha maoni ya kuandika kwa wino mwekundu.

Walikaa vikundi vikundi chini ya mti, wakaichukua "mahali mnapoishi" kwa maana yake ya kawaida kabisa. Mtoto anayefika shuleni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutoka saa kumi jioni anaishi wapi?

## Haki za mbali

Kilichonisumbua wiki hizi zote kimeanza na woga wangu pale kwenye chai, lakini hakikuishia hapo. Nilirudi kutazama maandalio yangu ya somo ya miaka mitatu, nikatafuta mifano niliyotumia kufundisha haki. Ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Biashara ya watumwa. Warohingya kule Myanmar. Mifano mizito, ya kweli, na yote ina sifa moja: hakuna hata mmoja kati ya wakosaji wake anayeweza kuniita ofisini.

Na wanafunzi hufanya vizuri sana kwenye mifano hiyo. Uliza Gredi ya 8 nini kilikuwa kibaya kwenye sheria za pasi za Afrika Kusini, watakuandikia kurasa. Naamini hata watoto wa Soweto wanaandika vizuri kuhusu makosa ya nchi nyingine.

Kifungu cha uraia wa ulimwengu kwenye mtaala ni kizuri. Silalamiki. Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015 yana kipengele, 4.7, kinachotaka kila mwanafunzi apate elimu ya haki za binadamu na ya uraia wa ulimwengu ifikapo 2030, na ofisi za Umoja wa Mataifa ziko Gigiri, matatu mbili kutoka shuleni kwetu ikiwa Thika Road haijakwama. Lakini dunia ni kubwa, na ukubwa huo ni pahali pazuri sana pa mwalimu kujificha.

Hata Azimio lenyewe nilikuwa nalifundisha kama kitu kilichotokea kwa wengine. Paris, 10 Desemba 1948, kura 48 za kukubali, hakuna aliyepinga, nchi 8 zikajizuia, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Nasema tarehe, wanaandika tarehe. Sikuwahi kuwauliza: siku hiyo, babu yenu alikuwa nani mbele ya sheria hapa Nairobi?

Alikuwa mtu wa kipande. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kuuma baada ya vita vya kwanza vya dunia. Mwanamume Mwafrika alitembea na karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake, imefungwa ndani ya kikebe cha chuma kinachoning'inia shingoni, kikebe ambacho wenyewe walikifananisha na kengele ya mbuzi. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa kati ya mambo aliyokuwa akiyapinga, na watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe walipigwa risasi, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliokufa. Mwishoni mwa miaka ya arobaini kikebe kilikuwa kimeondolewa shingoni. Kuandikishwa hakukuondoka. Na wazee wa mtaani kwetu, hata leo, wakisema kitambulisho wanasema kipande.

Nikitaka karibu zaidi, iko. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Juni 1981 na wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliokutana hapa hapa Nairobi. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa darasa la saba, anajiandaa kwa CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wakati huo. Anakumbuka kupangwa kando ya barabara na bendera za karatasi, jua kali, wakisubiri magari meusi yapite.

"Tulipunga mpaka mikono ikafa ganzi," aliniambia. "Hakuna aliyetuambia hao watu wamekuja kupitisha nini."

Mkataba ulianza kutumika Oktoba 1986. Katikati ya miaka hiyo hiyo, watu walikuwa wakiteswa kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo ambalo hadi leo Wakenya hupanga foleni kuomba pasipoti. Nimepanga foleni hiyo mwenyewe. Nilikuwa nawaza kuhusu picha zangu, kama mandhari ni nyeupe ya kutosha.

## Bango langu

Sasa niseme lile ambalo lingeniruhusu kulala kama ningelisema Juni, siku ile ya barua.

Mwaka 2024 nilikuwa mwalimu mwanagenzi wa sekondari ya msingi. Mkataba wa mwaka, shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na kazi ile ile ya mwalimu aliyeajiriwa kamili. Aprili, mahakama ya kazi iliamua kwamba kutuajiri kwa namna ile kulikiuka haki zetu. Tuligoma wiki kadhaa. Nilibeba bango la katoni lililoandikwa "KIFUNGU CHA 41" kwa kalamu nene, na mpita njia akiniuliza ni nini hicho nilisimama nikamweleza, kifungu cha haki za mfanyakazi, pamoja na haki ya kugoma. Picha yangu ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mama alinipigia simu kutoka kijijini akilia kidogo na kujivuna zaidi.

Januari 2025 tuliajiriwa kamili, maelfu yetu. Nikafungua mkopo wa chama. Nikahamia nyumba yenye maji.

Na Juni, watoto wangu walipotumia nilichowafundisha, nikawa nachunguza utando wa chai.

Nimejitetea mbele yangu mwenyewe kwa njia nyingi. Kwamba Juni jijini hapa si mwezi wa kawaida tena tangu 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni kwa sababu ya Mswada wa Fedha na wengine wakauawa barabarani. Kwamba Mwalimu Mkuu, ambaye si mtu mbaya, alikuwa anaogopa kitu cha kweli alipouliza, "Mnataka kuniletea Gen Z hapa ndani?" Kwamba ningeongea ningewachongea watoto, maana ombi la watoto likigeuka kuwa ombi la mwalimu mkorofi, linakuwa kesi ya nidhamu. Hoja hii ya mwisho naipenda sana. Ina sura ya busara.

Shida yake ni kwamba niliitunga saa tano, na chai ilikuwa saa nne.

Shaka iliyobaki ni hii, na bado sina jibu lake. Kiranja aliyebeba barua alivuliwa ukiranja wiki hiyo hiyo. "Tutamchagua mwingine anayejua itifaki." Mtoto wa miaka 14 alilipia kipindi changu. Nilikuwa nimemwonyesha mlango, sikumwambia upande wa pili kuna nini, na alipoufungua sikuwa nyuma yake. Je, mwalimu ana ruhusa ya kufundisha haki ambazo hayuko tayari kuzisimamia na mwanafunzi? Nikijibu hapana, basi wengi wetu tufunge vitabu. Nikijibu ndiyo, namtazama vipi yule kijana?

## "Haki za wazungu"

Wazazi waliitwa Jumamosi. Walikuja wengi kuliko siku ya kuchukua matokeo.

Baba mmoja anayeuza mitumba Gikomba alisimama wa kwanza. Alisema hana muda wa haki za wazungu, watoto wasome wapite, hizo haki zinaliwa na ugali? Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa walimu, na kichwani nilikuwa na majibu yote: kwamba Mkataba wa Afrika hauna mzungu, kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtoto wa shule ya umma kufungiwa nje kwa sababu ya ada. Sikusema. Ningesema ningekuwa nasomea wazazi kifungu, na wao walikuwa wamekuja na njaa.

Kisha mama mmoja nyuma akanyoosha mkono, kama mwanafunzi.

"Mimi hata sijui hizo haki," akasema. "Lakini mwaka wa 1997 nilikuwa darasa la sita na nilikuwa nasomwa jina kwa pesa za jengo. Kila wiki. Mpaka nikajua nafasi yangu kwenye orodha, nilikuwa wa tisa. Ikifika wa nane naanza kutembea kwenda geti kabla hawajaniita. Hilo jengo lilijengwa. Mimi sikurudi."

Mkutano ukanyamaza. Yule baba wa Gikomba alikuwa bado amesimama. Akavua kofia, akaitazama ndani, akasema, "Hiyo ya kusomwa, kusema ukweli... sisi tulikuwa tunasomwa Ijumaa." Akaketi.

Baada yake wakasimama wengine. Nilihesabu saba. Wote wa kabla ya 2003, kabla ya elimu ya msingi kufanywa bure. Hakuna aliyetaja neno haki. Walitaja siku ya wiki, jina la mwalimu aliyesoma, nguo waliyokuwa wamevaa.

Mwalimu Mkuu aliandika kitu kwenye daftari lake. Jumatatu iliyofuata, gwaride liliisha bila majina. Watoto wa Gredi ya 8 walitazamana. Nadhani niliona mmoja akirukaruka.

Jumanne asubuhi orodha ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Imechapwa, majina kwa alfabeti, na safu ya kiasi kinachodaiwa, ambayo kwenye gwaride haikuwepo.

## Wa 54

Kwenye rejista nina wanafunzi 54. Sahihi zilikuwa 53. Ilinichukua siku mbili kuzilinganisha, kwa sababu sahihi za watoto wa umri huu ni michoro ya nyota na mikia.

Nilimkuta Furaha akisubiri mvua ipungue. Nilimuuliza kwa upole, nikidhani alikuwa amekasirishwa na kile kicheko, na kwamba ningemwomba msamaha nikajisikia vizuri.

"Hapana Mwalimu. Barua iko nzuri. Mimi hata nilisaidia ile sentensi ya deni."

"Sasa mbona hukutia sahihi?"

Akatazama mvua. Akasema kwa ile lugha yake ya kwanza, pole pole, na safari hii hakujisahihisha: "Kule kwetu, jina ya baba iliandikwaka mu karatasi. Njo tulikimbia."

Nilikaa kimya. Sijui hata leo ningesema nini.

Kumbuka kwamba jina lake liko kwenye rejista yangu ya karatasi na haliko kwenye mfumo wa kompyuta, kwa sababu mfumo unataka nambari ya cheti cha kuzaliwa na cheti chake kilibaki kwenye nyumba ambayo huenda haipo. Kwa hivyo hapa tuna mtoto ambaye anapohitaji jina lake liandikwe, haliwezi kuandikwa, na pahali lingeandikwa kirahisi, ana sababu ya kukataa. Wenzake 53 walitia sahihi kwa sababu walikuwa na hasira, na kwa sababu kalamu ilikuwa inazunguka. Furaha ndiye pekee darasani aliyejua kikamilifu kwamba sahihi ni kitu kinachobaki.

Neno raia, ukilifuata mpaka Kiarabu lilikotoka, unakuta kundi la mifugo na mchungaji wake. Sijawahi kulipenda tangu nijue hivyo. Mwananchi ni bora, mwana wa nchi, ana mama. Lakini siku ile nilifikiri kwamba mwananchi lina ukatili wake pia. Kondoo anaweza kuhamia zizi lingine akahesabiwa. Mwana wa nchi moja akifika nchi nyingine, anakuwa mwana wa nani? Tuna methali zetu za mgeni, zile za kumpa jembe siku ya tatu. Furaha ameshakuwa hapa siku zaidi ya 700 na bado tunacheka anavyosema "watu".

Nilikuwa nimefundisha uraia wa ulimwengu kama ghorofa ya juu. Kwanza unakuwa mtu wa familia, kisha wa mtaa, kisha Mkenya, kisha ukimaliza ngazi zote unafika kwa dunia. Kwenye mchoro wangu ubaoni ni duara ndani ya duara. Na yeye ameketi dawati la tatu, hana duara la katikati, hilo la nchi, na ndiye mtu pekee mle ndani ambaye dunia imewahi kumhusu kabla ya kiamsha kinywa.

Kifungu cha 14 cha Azimio kinasema mtu ana haki ya kutafuta hifadhi nchi nyingine akiteswa. Cha 15 kinasema kila mtu ana haki ya kuwa na uraia. Muhula ujao tutavifikia. Nimefikiria kumwomba Furaha asome, nikafikiria kutomwomba, na kila upande naona namna ninavyoweza kumtumia kama mfano wangu wa karibu, sasa kwa kuwa nimechoka na ya mbali.

## Pesa za chai

Wiki iliyopita, hatimaye, nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Nilimwambia Kifungu cha 28 kilitoka kwangu. Hakushangaa wala hakukasirika. Alikuwa anatafuta funguo za stoo. Aliniambia, "Fundisha na wajibu, Mwalimu, si haki peke yake," na nilipokuwa natoka nikakumbuka kwamba hapo ana haki kabisa: ule Mkataba uliopitishwa hapa Nairobi una vifungu vitatu vizima vya wajibu, cha 27 hadi cha 29, na mimi huviruka kwa sababu havijawahi kutoka kwenye mtihani. Nilimwomba amrudishe yule kijana kwenye ukiranja. Akasema atafikiria. Nilimwomba aitoe ile orodha mlangoni. Akasema mlango ni wa ofisi na gwaride ni gwaride, tumeshakubaliana.

Kisha nikaenda kwa mwalimu wa Kiswahili kumwomba radhi. Alikuwa anasahihisha insha.

"Nilikuwa nasubiri angalau ukohoe," akasema bila kuinua kichwa.

Nikamwambia naona aibu. Nikamwambia nilibeba bango mwaka 2024, nikaogopa kikombe mwaka 2025. Nilikuwa naelekea kueleza zaidi, mnanijua, lakini aliniuliza kama nimelipa pesa za chai za mwezi huu. Nikasema nitalipa. Yeye ndiye mweka hazina wa chai, na ni kweli nilikuwa na miezi miwili.

Jana asubuhi nilifika mapema kidogo. Kwenye mlango wa ofisi ya walimu, upande wa nje kabisa ambako watoto hupita kwenda maliwatoni, kulikuwa na karatasi mpya. Mwandiko wake ule wa herufi za mviringo, mstari umepigwa kwa rula. MINT: WALIMU AMBAO HAWAJALIPA PESA ZA CHAI. Majina tisa, na safu ya kiasi. Mwalimu Mkuu alikuwa wa nne.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Shilingi 600.

Watoto watatu wa Gredi ya 5 walikuwa wamesimama pale wanasoma kwa sauti, wakifuata kwa kidole. Walipoliona jina langu waligeuka wakaniona mwenyewe. Hawakucheka. Wadogo hao wakasema, "Shikamoo Mwalimu," wakaondoka haraka, na nikasikia joto likinipanda kutoka shingoni mpaka kwenye masikio, mtu mzima, wa miaka 31, mwenye mshahara.

Nililipa kwa M-Pesa nikiwa bado nimesimama mlangoni.

Kufikia saa nne orodha ya chai ilikuwa imeshabanduliwa. Ile ya watoto iko pale pale, na wikendi hii mtu ameitia ndani ya plastiki ili isilowe.